Tuwafundishe Watoto Habari Nzima



Mwombeni mtoto wa darasa la tano awatajie Wamarekani weusi anaowafahamu. Yamkini atawataja wachezaji wa mpira wa kikapu, mabondia na waimbaji, kisha atamtaja Barack Obama, ambaye baba yake alikuwa Mkenya. Baada ya hapo atanyamaza. Mtoto huyo hana kosa, kwa maana amerudisha kile alichopewa. Hata hivyo, orodha yake imekwisha kumfundisha jambo ambalo hakuna mtu mzima aliyekusudia kumfundisha: kwamba katika taifa lile kubwa kazi ya mtu mweusi ni kukimbia, kupigana ngumi na kuimba, na kwamba yule mmoja aliyetawala alitokea ghafla kama mvua ya kiangazi, bila mtu wa kumtangulia.

Yuko atakayeuliza: mambo ya Marekani yatuhusu nini, na sisi tuna ya kwetu yasiyokwisha? Swali ni la haki. Jibu la kwanza ni kwamba ubaguzi ni dhambi isiyo na mpaka. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitamka mwaka 1965 kuwa kila namna ya kumbagua mtu kwa sababu ya rangi, jinsia, lugha au dini ni kinyume cha mpango wa Mungu, na mwaka 1988 Tume ya Kipapa ya Haki na Amani iliandika hati nzima juu ya Kanisa na ubaguzi wa rangi. Jibu la pili ni kwamba watoto wetu hujifunza maana ya uongozi kwa kuwatazama wanaoongoza, wa karibu na wa mbali. Na jibu la tatu, ambalo tutalifikia mwishoni, ni kwamba historia ile inatuuliza swali zito kuhusu sisi wenyewe.

Mlango ulipofunguliwa mara ya kwanza

Watu wengi hudhani kwamba weusi wa Marekani waliingia serikalini katika zama zetu hizi. Sivyo. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilikwisha mwaka 1865, na watumwa wapatao milioni 4 wakawa huru. Mwaka 1868 Katiba ilibadilishwa ili kila aliyezaliwa katika nchi ile awe raia wake. Mwaka 1870 ikabadilishwa tena, ili mtu asinyimwe kura kwa sababu ya rangi yake au kwa sababu aliwahi kuwa mtumwa. Katika miaka michache iliyofuata, wanahistoria wanakadiria kuwa wanaume weusi wapatao 2,000 walishika vyeo vya umma, kuanzia mahakimu na wajumbe wa bodi za shule hadi wabunge.

Tarehe 25 Februari 1870 mhubiri aitwaye Hiram Revels alikula kiapo kuwa Seneta wa jimbo la Mississippi, mweusi wa kwanza katika Seneti ya Marekani. Wapinzani wake hawakumruhusu kwa urahisi. Walidai kwamba Seneta sharti awe raia kwa miaka tisa, na kwa kuwa Mahakama ya Juu ilikuwa imeamua mwaka 1857 kwamba mweusi hawezi kuwa raia, Revels alikuwa na uraia wa miaka miwili tu. Hoja hiyo ilishindwa kwa kura 48 dhidi ya 8. Naye Revels, alipokwisha kuketi, aliwatetea watoto weusi wasitengwe katika shule za mji mkuu, na papo hapo akaunga mkono msamaha kwa waliokuwa waasi, mradi waape utii kwa nchi. Haki na amani zilikaa katika kinywa cha mtu mmoja.

Wapo wengine wanaostahili kusimuliwa jioni nyumbani. Joseph Rainey, aliyezaliwa mtumwa, aliingia katika Baraza la Wawakilishi mwezi Desemba 1870. Blanche Bruce, naye aliyezaliwa mtumwa, alikuwa Seneta tangu 1875 hadi 1881. Na Robert Smalls ana kisa ambacho mtoto hawezi kukisahau. Mwaka 1862, angali mtumwa, alikuwa rubani wa meli ya jeshi la waliopigania utumwa katika bandari ya Charleston. Usiku mmoja, maofisa wakiwa wameshuka nchi kavu, aliing'oa nanga pamoja na mabaharia wenzake, akawachukua mke wake na watoto, akapita mbele ya ngome akitoa ishara zile zile ambazo nahodha angezitoa, hata akaifikisha meli kwa upande wa pili. Miaka sita baadaye alikuwa mjumbe katika mkutano wa kuandika katiba mpya ya South Carolina, naye akapigania shule za umma za bure kwa watoto wote. Mtu aliyekatazwa kusoma alipopata sauti, jambo alilolidai ni shule.

Mlango ulipofungwa

Hapa ndipo wengi wetu husimamisha hadithi, tukaruka hadi mwaka 2008. Tukifanya hivyo tunawadanganya watoto. Ukweli ni kwamba mlango ulifungwa tena, na uliofungwa kwa nguvu ya silaha ulitiwa kufuli la sheria. Vikundi vya watu waliojifunika nyuso viliwaua na kuwatisha wapiga kura. Kisha majimbo ya Kusini yakatunga masharti ambayo hayakutaja rangi hata kidogo. Katiba ya Mississippi ya mwaka 1890 iliweka kodi ya kichwa ambayo asiyeilipa hakupiga kura, pamoja na mtihani wa kusoma au kufafanua kifungu cha katiba. Aliyetahini alikuwa karani mzungu, na ndiye aliyeamua nani amefaulu.

Katika jimbo la Louisiana, mwaka 1896 waliandikishwa wapiga kura weusi 130,334. Mwaka 1904 walibaki 1,342. Watu hawakuwa wamekufa wala kuhama. Walikuwepo, wakilima, wakisali na kulipa kodi, lakini majina yao yalifutwa daftarini. Mwaka 1901 George White wa North Carolina alitoka Bungeni akiwa mweusi wa mwisho, na hakuingia mwingine mpaka Oscar De Priest wa Chicago mwaka 1929. Katika Seneti, tangu Bruce alipoondoka mwaka 1881 hadi Edward Brooke wa Massachusetts alipoapishwa mwaka 1967, ilipita miaka 86. Ni vizazi vitatu vya watoto waliokua pasipo kumwona katika Seneti mtu aliyefanana nao.

Mtoto na alijue hili mapema: haki iliyopatikana inaweza kupotea, na mara nyingi hupotea kwa karatasi iliyoandikwa kwa maneno ya upole.

Walioufungua mara ya pili

Mlango ule haukufunguliwa na wakubwa. Mwaka 1962 Fannie Lou Hamer, mtoto wa 20 katika nyumba ya wakulima maskini wa Mississippi, alikwenda kujiandikisha kupiga kura. Siku ile ile alifukuzwa katika shamba alikokuwa akifanya kazi kwa miaka mingi. Mwaka uliofuata alipigwa gerezani, akabaki na madhara mwilini mwake. Mwaka 1964, mbele ya kamati moja ya mkutano mkuu wa chama cha Democrats, alieleza yaliyompata, na taifa likamsikia. Hakupata kuwa mbunge. Lakini sheria ya haki ya kupiga kura iliyotiwa sahihi tarehe 6 Agosti 1965 ilikuwa na jasho na damu ya watu wa namna yake. Kabla ya sheria hiyo, kati ya weusi 100 wa Mississippi wenye umri wa kupiga kura, hawakufika 7 walioandikishwa. Kufikia mwaka 1967 walikuwa karibu 60.

Ndipo majina yakaanza kufuatana. Shirley Chisholm, binti wa wahamiaji kutoka visiwa vya Karibi na Guyana, alichaguliwa mwaka 1968 kuwa mwanamke mweusi wa kwanza Bungeni, na mwaka 1972 akagombea uteuzi wa chama chake kwa kiti cha Rais. Mwaka huo huo Barbara Jordan wa Texas na Andrew Young wa Georgia walichaguliwa, weusi wa kwanza kutoka Kusini kuingia Bungeni tangu White alipoondoka. Obama alitawala tangu 2009 hadi 2017. Kamala Harris, ambaye mama yake alitoka India na baba yake Jamaica, alikuwa Makamu wa Rais tangu Januari 2021 hadi Januari 2025. Mwaka 2022 Ketanji Brown Jackson akawa mwanamke mweusi wa kwanza katika Mahakama ya Juu. Anayezisoma habari hizi kwa mfululizo anaona kwamba Obama hakuanguka kutoka mawinguni. Alipanda ngazi ambayo wengine waliipigilia misumari, na baadhi yao hawakuruhusiwa kuikanyaga.

Wala haifai kudhani kuwa kazi imekwisha. Mwaka 2013 Mahakama ya Juu iliondoa nguvu ya sehemu kubwa ya sheria ile ya 1965, na tangu mwaka 2021 majimbo kadhaa yametunga sheria za kuweka mipaka juu ya namna walimu wanavyoweza kueleza habari za rangi na ubaguzi darasani. Ndugu zetu wengi kutoka Afrika Mashariki wamehamia huko, na watoto wao wanasoma katika shule hizo. Wazazi wao wasiliachie darasa peke yake jukumu hili.

Aliyeingia alifanya nini?

Kuhesabu walioingia hakutoshi. Mafundisho ya Kanisa hutaka tuulize kiti kilitumikaje. Thurgood Marshall, kitukuu cha mtumwa, alikuwa wakili aliyeshinda mwaka 1954 kesi iliyobatilisha utengano wa rangi katika shule za umma. Mwaka 1960, kwa mwaliko wa Tom Mboya na wajumbe wenzake Waafrika, alikwenda London kuwa mshauri wao katika mkutano wa Lancaster House juu ya katiba ya Kenya. Hapo alitayarisha rasimu ya haki za raia. Na ni akina nani waliokuwa wachache katika Kenya iliyokuwa ikija? Ni Wahindi na Wazungu. Mtu ambaye maisha yake yote alidhulumiwa na wazungu wa kwao alishika kalamu ili hata mzungu wa Kenya alindwe na sheria. Mwaka 1967 akawa mweusi wa kwanza katika Mahakama ya Juu ya nchi yake.

Ralph Bunche naye anatuhusu. Akiwa London kabla ya Vita Kuu ya Pili alijifunza Kiswahili kwa Jomo Kenyatta, na mwaka 1938 akaizuru Kenya. Baada ya kuitumikia Serikali ya Marekani, alisimamia katika Umoja wa Mataifa idara ya nchi zilizokuwa chini ya udhamini, Tanganyika ikiwa mojawapo. Mwaka 1950 alitunukiwa Nishani ya Nobel ya Amani, mtu mweusi wa kwanza kuipata.

Tena, wasio wazungu katika nchi ile si weusi pekee. Mwaka 2021 Deb Haaland, wa kabila la Laguna Pueblo, akawa mwenyeji wa asili wa kwanza kuongoza wizara katika Serikali ya Marekani. Wizara yake ndiyo iliyokuwa imewachukua watoto wa wenyeji na kuwatia katika shule za bweni ili wasahau lugha na desturi zao. Babu na bibi yake walikuwa miongoni mwa watoto hao. Alipopata mamlaka aliamuru uchunguzi, na mwaka 2024 taarifa yake ilithibitisha kuwa watoto wasiopungua 973 walifia katika shule hizo. Baadhi ya shule ziliendeshwa na makanisa, likiwamo Kanisa letu Katoliki. Haifai tulifiche hilo, kama vile haifai tufiche kwamba mwaka 1838 mapadre Wajesuiti wa Maryland waliuza watumwa 272, na sehemu ya fedha ikalipa madeni ya chuo cha Georgetown. Kanisa linalowaalika wengine kutubu halina budi kutangulia.

Swali linalotugeukia

Katika Matendo ya Mitume, wajane wa Kiyunani walipopunjwa katika ugawaji wa chakula, Kanisa changa liliwachagua watu saba wa kuisimamia huduma hiyo, na majina yote saba ni ya Kiyunani. Waliolalamika walikabidhiwa ufunguo wa ghala, lakini kwa sharti la kuwahudumia wajane wote. Na huko Antiokia, miongoni mwa waliokuwa wakiliongoza Kanisa, alikuwapo Simeoni aitwaye Nigeri, yaani Mweusi, pamoja na Lukio wa Kirene na Manaeni aliyelelewa pamoja na mtawala Herode. Meza ya uongozi ilikuwa na rangi na tabaka mbalimbali tangu mwanzo.

Je, meza zetu zikoje? Mwezi Oktoba 1961, Bunge la Tanganyika lilipojadili sheria ya uraia, walikuwapo waliotaka rangi ya mtu iwe kipimo. Mwalimu Nyerere aliwapinga kwa ukali, akisema kwamba hapo ndipo ubaguzi huanzia, na hauishii kwa yule uliyeanza naye. Amir Jamal, mzaliwa wa nchi mwenye asili ya Kihindi, akawa Waziri wa Fedha kwa miaka mingi. Kwa upande mwingine tunaikumbuka Kenya ya mwishoni mwa 2007 na mwanzoni mwa 2008, ambapo zaidi ya watu 1,100 walipoteza maisha baada ya uchaguzi. Majirani waliosali kanisa moja waliulizana kabila. Wale walioshika mapanga walikuwa watoto wa mtu, na mahali fulani walifunzwa kwamba kiongozi ni “mtu wetu” na kwamba kiti cha Serikali ni chungu cha ukoo.

Hii ndiyo sababu ya kusihi kwetu. Mtoto akifundishwa kumshangilia kiongozi mweusi wa Marekani kwa sababu ni mweusi tu, tumemfundisha ukabila kwa jina jingine. Akifundishwa kwa nini mlango ulifungwa, nani aliumia ili ufunguliwe, na aliyeingia aliwatendea nini walio wadogo, tumempa kipimo atakachokitumia hata kwa diwani wa kata yake.

Tuanze wapi?

Kwanza, mtoto alione kufuli kabla ya kushangilia ufunguo. Jina la “wa kwanza” halina maana kwa asiyejua ni nini kilichomzuia wa kabla yake. Mpeni mtihani wa karani wa Mississippi katika mchezo darasani: kila ajibupo vema aambiwe amekosea. Atauelewa udhalimu kwa dakika tano.

Pili, kwa kila mkubwa mnayemtaja, tajeni na mdogo. Pamoja na Obama awepo Hamer. Walimu wa dini wanajua kazi hii, kwa maana Injili yenyewe haikumsahau mjane na senti zake mbili.

Tatu, mtoto azoee kuuliza matendo. Mwaka 1991 nafasi ya Marshall ilichukuliwa na Clarence Thomas, naye mweusi, ambaye katika hukumu zinazohusu rangi amesimama mara nyingi upande ambao Marshall asingesimama. Rangi moja haileti fikra moja. Vijana wakubwa wasome hoja za wote wawili, wapime wenyewe.

Nne, tusipande chuki. Aliyemtetea Revels katika Seneti alikuwa mzungu, Charles Sumner, ambaye alikwisha kupigwa kwa bakora ndani ya ukumbi wa Seneti mwaka 1856 kwa kuukemea utumwa. Mtoto ajue kwamba katika kila rangi wapo waliochagua haki, na uchaguzi huo uko wazi kwake pia.

Carter Woodson, mwana wa watumwa waliopata uhuru, alianzisha mwaka 1926 juma la kuwafundisha watoto historia ya watu weusi. Hakungoja serikali ifanye hivyo. Nasi tusingoje mtaala. Tunapendekeza kwamba katika muhula huu kila kikundi cha Utoto Mtakatifu na kila Jumuiya Ndogo Ndogo ya Kikristo kimchukue kiongozi mmoja kwa mwezi kati ya waliotajwa hapa, na kijibu maswali haya: Nani alifungiwa nje? Nani alilipa gharama ya kufungua? Aliyeingia aliwatumikia nani? Na katika kijiji au mtaa wetu, ni nani leo ambaye hatumhesabu anapotafutwa wa kuongoza? Swali la mwisho lijibiwe na watu wazima, watoto wakisikiliza.

Bwana aliyemwagiza Samweli asitazame kimo wala sura ya wana wa Yese, bali moyo, atujalie macho ya namna hiyo, na atujalie kuwarithisha watoto wetu.